Sehemu Niliyoruka mu Filme

Mama Kanyere wa redio, naomba unisaidie, roho yangu haitulie. Mimi ni Nzabonimpa, mukimbizi hapa Kitshanga, lakini mbele ya vita kuanza, kule Karuba, mimi njo nilikuwa natafsiri filme za Kifaransa mu nyumba ya video ya Papa Mbusa, na kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa watu walikuwa wanajaa, na filme ikiisha hakuna mutu alikuwa anatoka mpaka Mama Mukandori, muuza makala, asimame aseme kama iko ya kweli ao ya bongo, ya uongo tu, na akisema ya bongo, Papa Mbusa haonyeshe tena ile filme. Ninaikumbuka ile miaka mpaka harufu ya karanga.

Mwezi uliopita wageni walileta filme hapa kambini, mulinzi wa pori anapigana na wakata miti, risasi, moto, magari kuanguka, wakanipa megafoni nitafsiri, na nilipoona vile vilima, mama, niliona Karuba, nikaanza kusema maneno yangu mwenyewe, kama pori ni letu na wenye kuchoma makala njo adui, watu wakalia, wakapiga makofi, wageni wakaandika kama filme imependwa sana. Mama Mukandori naye alikimbilia hapa, na angali anauza makala; tangu ile siku watu wanamuita adui, hawanunue makala yake, haketi tena na sisi. Na kuna sehemu niliruka: mulinzi anamukuta mama yake mwenyewe anachoma makala, anaketi chini, analia, kisha anamubebea gunia. Mimi wakati ule nilikuwa nahadisia ng'ombe za kwetu.

Siku ya Mungu ijayo wanarudia ile filme. Nikisema ukweli watu hawatanisikiliza tena, na hii sauti njo kitu kimoja nilitoka nacho Karuba. Nifanye nini?

Mama Kanyere anajibu

Kaka Nzabonimpa, pole. Hata mimi nikiona kilima chenye ng'ombe, machozi yanakuja. Lakini ulipewa megafoni ya kutafsiri, wewe ukaitumia kujililia, na mama wa watu njo anaumia. Unafikiri anachoma makala kwa kupenda? Shamba lake liko wapi leo?

Kesho asubuhi enda kwa shitingi yake, ile hema ya plastiki anamolala, wewe mwenyewe, usitume mutu. Muhadisie ile sehemu yote, mpaka gunia. Siku ya Mungu umuwekee kiti mbele, na sehemu ya mama ikifika, usiongeze neno lako hata moja. Watu kule Karuba walikuwa wanakuamini sababu yeye alikuwa anasimama kisha wewe kumaliza. Filme ikiisha, umupe megafoni aseme kama iko ya kweli ao ya bongo. Akisema uliwadanganya, nyamaza, sikiliza. Hiyo sauti yake pia ilitoka Karuba, na wewe njo uliinyamazisha.