Kiatu Changu Kimoja Kiko Nyakato

Mkolani, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu mpendwa, Mama Agata,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kupitia kwako namwamkia mama yangu shikamoo, ingawa najua ataitikia huku anauliza kwa nini mwandiko wangu unazidi kuinama. Hamjambo huko? Goti la mama linasemaje na mvua hizi? Na Agata, jino limeota, au bado anacheka huku kaziba mdomo? Mimi ni mzima. Malaria ilinipitia mwezi uliopita, ikanilaza siku tatu, ikaniacha.

Barua yako niliikuta kwenye sanduku la posta la ofisi, nikaisoma nimesimama palepale hadi watu wakaniomba niwapishe. Umeuliza swali moja tu: sisi tuje Mwanza, au wewe unarudi Songea? Ukaongeza kwamba miaka miwili ya kuambiwa "subiri" imetosha. Imetosha kweli. Jibu limo humu ndani, lakini nivumilie, maana unanijua: mimi nikitumwa chumvi hupitia kwanza kuangalia mto.

Mwanza ni mji wa kuota mchana. Mawe yamepandana hadi unashangaa yanashikwa na nini, na nyumba zimejipenyeza katikati yake. Asubuhi ziwa huwa na ukungu mwepesi. Siku hizi limevamiwa na magugu maji, yenye maua ya zambarau mazuri ya kumdanganya mtu. Upepo ukigeuka, shamba zima la kijani linang'oka ufukweni na kwenda zake taratibu kuelekea visiwani, ndege wamesimama juu yake kama abiria. Wavuvi wanayalaani kwa kuwa yananasa nyavu. Mimi hukaa juu ya jiwe nikayatazama, hata wenzangu ofisini wameniita Bwana Ndoto. Sikasiriki. Mara nyingi nakuona wewe umesimama juu ya hayo magugu, unakuja, umejifunga ile kanga ya bluu.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana shangazi bado anasema kushauri si kazi, hata walevi hushauri bure. Tangu shirika la umma litupunguze kazini, na serikali iseme biashara ni ruksa kwa kila mtu, watu wameanzisha mambo mengi: mashine za kukoboa, vibanda, viwanda vidogo. Mengi yanaota kama uyoga na kufa kama uyoga. Sisi watatu wa ofisi hii mpya ya ushauri tunajaribu kuyasaidia yasife. Kwenye semina tulifundishwa neno jipya, "biashara endelevu". Nililipenda sana. Nikavaa shati jeupe na viatu vyangu vyeusi, nikalibeba neno hilo hadi Pasiansi kwa Mama Nyangeta.

Mama Nyangeta ni mjane wa Kijita, kwao Majita upande wa Mara. Ana uwanja kando ya ziwa, yeye na wanawake kumi na wawili. Wanakaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Mji mzima wa watu wadogo unakula mapanki. Taabu ni kuni. Vilima vya karibu vimebaki upara, na kuni sasa zinatoka mbali, nyingine mbichi, zinatoa moshi hadi mtu analia kama yuko msibani. Halafu maji ya kuoshea masufuria, na mafuta yake yote, yalikuwa yanatiririka moja kwa moja ziwani. Bwana afya alikuja akampa muda: mvua za vuli zikiisha hali haijabadilika, uwanja unafungwa. Wanawake kumi na watatu, na nyuma ya kila mmoja kuna sufuria la nyumbani linalosubiri.

Nikasimama mbele yao nikaeleza. Mama Nyangeta akanisikiliza, mwiko mkononi.

"Endelevu," akasema. "Yaani isiyokufa na mwenye nayo?"

Nikasema ndiyo, hasa. Moyo ukanijaa, nikaona nimefika. Nikaendelea kwamba wao peke yao hawawezi, na mimi peke yangu siwezi, kwa hiyo kinachotakiwa hapa ni ushirika.

Mama Agata, kwetu neno hilo halina ubaya wowote. Pale lilikuwa kama tusi. Kisha Mama Nyangeta akajifunga kanga upya.

"Ushirika? Pamba ya marehemu mume wangu ililala kwenye ghala la ushirika mpaka panya wakazalia humo. Yeye alikufa akiisubiri. Nenda, baba."

Mwanamke mwingine akadakia, "Mimi ushirika wangu ni Jumapili, mkate na divai. Mwingine sitaki." Wakacheka wote, wakarudi kwenye masufuria. Nilibaki nimesimama kama mgeni aliyekosea nyumba ya harusi.

Wiki nzima nilikaa kwenye jiwe langu nikitazama magugu. Niliona haya, nikafikiri hata kufunga mizigo. Mwisho nikarudi, safari hii bila makaratasi, nikamwamkia, nikachuchumaa karibu na moto na kuuliza tu yeye anakosa nini.

"Ona sasa," akasema. "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ninachokosa ni moto, mwanangu. Mkutano sikosi."

Nilipokuwa nikifikicha macho kwa ule moshi nikakumbuka Nyakato. Kule viwandani kuna mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake kuna kilima cha pumba kirefu kuliko nyumba, kinafuka chenyewe mchana kutwa bila kupika chochote. Nimekipita mara ngapi! Niliwahi hata kukifananisha na mawingu.

Mwenye mashine ni Mzee Shija, Msukuma mnene mwenye sauti ya ngoma. Nilipomwomba zile pumba akanitazama kwa jicho moja. Akasema miaka yote hiyo hajaona mtu akizitaka, na takataka ikianza kutafutwa na mtu wa ofisi, basi ni mali, na yeye hatoi mali. Nikamweleza kwa kirefu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kushuku. Nilikuwa nimegeuka kuondoka aliponiuliza, "Wewe kabila gani, na maneno yote hayo?"

"Mngoni wa Songea."

Ungemwona! Alipiga paja, akawaita vibarua wake wote. "Njooni muone! Babu zake walipita kwetu na ngao wakala ng'ombe wetu, leo mjukuu anakuja kuomba pumba! Kalibu, mtani, kalibu!" Nami nikamjibu kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda, babu walijuta. Kuanzia hapo hakukuwa tena na mtu wa ofisi. Aliniambia wazi yanayomsumbua: majirani wanalalamikia vumbi na moshi wa kile kilima, na bwana afya ameshamfokea yeye pia. Mambo hayo asingemwambia mshauri, ila mtani haonewi haya.

Lakini mtani hakuachii hivihivi. Akainama akanivua kiatu cha kulia, akakiweka juu ya mashine. "Hiki nakamata. Mlete huyo mama mwenyewe, tuonane uso kwa uso. Mimi sizungumzi biashala na mjumbe."

Basi nikafika Pasiansi kiatu kimoja, soksi imetoboka kidole gumba. Wale wanawake waliacha mapanki yaungue kwa kucheka. Mama Nyangeta alicheka hadi akakaa chini, halafu akanawa mikono. "Twende," akasema. "Mtu aliyekubali kuvuliwa kiatu kwa ajili yangu siwezi kumwacha atembee hivyo."

Nilitegemea niwasuluhishe. Hawakunihitaji. Walizungumza wao wawili nikiwa nimeketi juu ya gunia, kidole nje. Mama Nyangeta atazihamisha pumba kwa mkokoteni kila asubuhi, uwanja wa mzee ubaki safi; mzee atampa fundi wake wa bati atengeneze majiko ya pumba. Neno ushirika halikutajwa, wala ubia, wala endelevu. Walisema "tusaidiane", basi. Kiatu chenyewe mzee alikataa kukitoa, akasema kitabaki pale kama mdhamini. Kipo hadi leo, juu ya mashine, kimejaa vumbi la mpunga. Nimenunua kandambili.

Jiko la kwanza lilitoa moshi kuliko kuni. Fundi alikasirika, akasema pumba si kitu. Mama Nyangeta ndiye aliyeligundua kosa: bomba lilikuwa fupi, na pumba zilishindiliwa mno, moto ukakosa pumzi. Akawasha tena kwa mkono wake. Nilisimama karibu, na niseme kweli, Mama Agata, ule mwali ulipopanda, mwekundu, usio na moshi, machozi yalinitoka bila kisingizio. Tukachimba na shimo la mchanga la kumwagia maji machafu, ili mafuta yasifike ziwani. Majivu wanamwaga kwenye mchicha.

Bwana afya alikuja vuli ikiisha. Alinusa hewa, akachungulia shimo, akazunguka uwanja mara mbili. Kisha akaomba kipande cha panki na chumvi. Alikula amesimama, akafuta mikono, akasema, "Endeleeni." Wanawake walipiga vigelegele hadi ndege wakaruka kutoka kwenye magugu.

Furaha ile ilipotulia, Mama Nyangeta akanikalisha, akanipa sahani. Akaniuliza nina mke. Nikamwambia ninaye, Songea, na mtoto.

"Anasemaje juu ya wewe kukaa mbali?"

"Nimemwambia asubiri."

"Sikukuuliza umemwambia nini. Nimekuuliza anasemaje."

Niliweka sahani chini, nikaaga.

Nilirudi chumbani nikazitoa barua zako zote kutoka chini ya godoro, nikazisoma kuanzia ya kwanza, polepole, jua likiwa bado juu. Kumbe umeniandikia mara nne habari za cherehani. Kwamba unashona sare za shule, kwamba Skola na dada yake wanashona nawe barazani, kwamba mna foleni ya watu kila Januari. Nami nilizisoma kama mtu anavyosoma habari za mvua. Nilikuwa nakuota umesimama juu ya magugu unakuja, sikuwahi kujiuliza unaacha nini nyuma. Nimekaa na wageni juu ya magunia nikiwasikiliza wanachokosa, na mke wangu nimempa amri kwa barua miaka miwili. Nisamehe. Nimeona aibu kuliko ile ya kiatu.

Nisalimie mama kwa heshima zote. Msalimie shangazi mkunga, baba mdogo katekista, na mjomba mwenye pikipiki mbovu. Skola na dada yake wasalimie kwa majina yao. Mwambie na Agata baba yake anamkumbuka kila anapoamka.

Sasa jibu. Sijui kama mtakuja au nitarudi, na safari hii sitalijua peke yangu. Nimeomba likizo ofisini. Jumatano ya mwisho wa mwezi napanda treni hadi Dodoma, kisha mabasi. Usihangaike kuandaa kitu, wala usifunge cherehani kwa sababu yangu. Wateja wakiwepo endelea kushona. Nitakaa barazani chini, pale vinapoangukia vipande vya vitambaa, na wewe ndiye utakayesema.

Wako, niliyechelewa kusikia,
Baba Agata
Longinus