Msalaba Kando ya Jina Lako

Pototan, 9 Februari

Ndugu yangu Nestor,

Huku mvua imekatika, mpunga tumevuna, na mama yako bado anagombana na majogoo ya jirani. Nasikia Toronto baridi inauma; vaa vizuri.

Zahanati ya chama chetu cha udugu imekamilika baada ya miaka tisa. Ninyi wa ng'ambo mlileta mabati na vitanda, sisi tuliobaki tukabeba saruji. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika mabango, nikaambiwa niandike ukutani majina ya wafadhili. Lako liko juu kabisa, kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza. Watu wanapiga picha nalo. Langu halimo. Mwenyekiti alisema, "Wewe si uko hapa hapa? Nani asiyekujua?"

Kuna jambo dogo. Unajua ndugu wa chama akifariki tunamwekea msalaba kando ya jina. Basi na lako likapata msalaba. Kufikia Jumapili majirani walishajaa kwa mama yako na kahawa na biskuti za matanga. Akanijia simu mkononi: "We Crisanto, mbona huyu marehemu wako nimetoka kuongea naye sasa hivi?"

Nikamwambia mkono uliteleza. Msalaba nimeshaufuta.

Lakini siku ile tulipoingia chamani, mimi na wewe tuliapa kutodanganyana. Mkono haukuteleza.

Wako katika kiapo kile kile,
Crisanto