Suruali Yangu na Sketi Yake

Jumatatu, 3 Machi

Suruali imenikataa! Kifungo kimeruka, kikagonga kabati, paka kakimbia. Fundi cherehani mzima, nimepima viuno vya watu maisha yangu yote, changu kimenitoroka. Nimejifunga taulo, nikaketi kuitanua. Mjukuu wangu kaja na sketi yake—Babu, nipunguzie kiuno. Tena? Si juzijuzi tu niliipunguza! Anasema chuoni ndiyo fasheni. Haya. Yangu nikatanua, yake nikabana, sindano ileile, uzi uleule. Na nyimbo juu.

Jumatano, 5 Machi

Raha ya kupendwa! Kila jioni mjukuu wangu ananihamishia nyama yake, yai lake, hadi wali. Ananiambia, kula, mume wangu, upate nguvu. Nami sina hiyana, meno yangu ya bandia hayajui likizo. Nikamwambia, mke wangu, ukinilisha hivi nitakuoa kweli. Kacheka. Kanywa maji. Jirani naye kasema nina mashavu ya mtoto mchanga. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo. Kweli! Bwana harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Shoga yake wa chuoni, yule ninayemwita Chiriku maana hanyamazi, kamleta nyumbani kwa teksi. Mjukuu wangu kazirai kwenye ngazi za darasa! Tukamlaza. Chiriku kanivuta jikoni—Babu, huyu hali chakula. Nikabisha. Hapa anakula kila siku, sahani inarudi nyeupe!

Chiriku akanitazama tumbo. Chiriku, kunyamaza!

Ile nyama yote. Kumbe msafisha sahani ni mimi. Na sketi nimeibana mimi, zuzu, huku naimba.

Jumamosi, 8 Machi

Jana tulikwenda wote wawili kwa mshauri wa chuo, mama mmoja wa miwani mikubwa. Kasema huu ni ugonjwa, si maringo. Atamwona kila wiki, na daktari pia. Kisha kanigeukia mimi. Nisimlazimishe. Nisitaje mwili wake, wala kiuno, wala mashavu. Nisimkodolee macho akila. Nikauliza, sasa mama, nitaongea nini? Mjukuu wangu kacheka hadi kalia. Au kalia hadi kacheka—nilishika leso, nisijue nimfute yeye au nijifute mimi.

Njiani kaninong'oneza, Babu, mimi naogopa chakula. Nikamjibu, mimi namwogopa yule mama. Tutaogopa pamoja, mke wangu.

Sasa tuko mezani. Sahani yake, sahani yangu. Kanisogezea nyama. Nimeirudisha. Kanisogezea tena! Basi nimevua meno, nimeyatumbukiza kwenye glasi ya maji, mbele yake. Haya, nitatafunia nini? Kaniita mzee mchafu. Nyama kaichukua mwenyewe, kairudisha kwake. Inapoa tu pale.

Daftari liko magotini. Naandika ili macho yapate kazi, yasichungulie.

Kijiko kimegusa sahani. Sitazami! Natazama karatasi. Karatasi nzuri, ina mistari.

Kimegusa tena.

Mtu anatafuna. Polepole, kama anayeiba. Si mimi—meno yangu bado yako kwenye glasi—