Friji ya Papa Likunde

Kisangani, Jumanne

Eti dawa ya mbwa haiwezi kulala pamoja na dawa ya watoto! Bado namsikia Papa Likunde.

Ofisi yetu ya mifugo haina umeme wa kuaminika, donc kwenye mkutano wa wiki iliyopita tulikubaliana chanjo zangu za kichaa cha mbwa zikae katika friji ya kituo cha afya. Muuguzi mkuu, Papa Likunde, alipiga makofi kuliko wote, akapigwa picha akinishika mkono. "Afya ya batu na ya banyama iko kitu moja," alisema.

Leo nimezikuta chanjo zangu dirishani, juani, zina moto kama chai. Ziko pale tangu jana, Papa Likunde mwenyewe ndiye aliyezitoa. Nikafungua friji: mahali pake amelala samaki, amefungwa vizuri kwa majani.

"Na huyu, Papa Likunde, ni dawa ya watoto?"

"Docteur, usikasirike. Samaki inaoza mbiyo."

Chanjo je? Mtu anayechanja watoto kila wiki hajui joto linaua chanjo!

Kesho watu wa komini ya Tshopo wataleta mbwa wao. Nimewatangazia mwenyewe kwa megafoni. Nikichoma dawa iliyokufa, nitakuwa nimewadanganya, na siku mbwa mmoja akimng'ata mtoto... Nikiwarudisha nyumbani, hawatakuja tena. Naogopa, sijui nitawaambia nini.

Nilipokuwa natoka, Papa Likunde alinifuata hadi mlangoni, mpole kabisa.

"Docteur, kesho nilete mbwa yangu saa ngapi?"