Umeme Uliobisha Hodi kwa Bibi

Kwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Mbukwa huko uliko. Najua ungeniuliza kwanza nimeleta nini, maana kwako salamu ya mikono mitupu ilikuwa nusu salamu. Sijaleta kitu. Nimekaa mlangoni kwako hapa Mlali, kwenye kile kigoda ulichokuwa unanikataza, na leo nakikalia vizuri kabisa kwa kuwa huna namna ya kuniinua. Mwandiko wangu ni uleule uliosema ni nyayo za kuku. Wewe kusoma ulikuwa hujui, kwa hiyo mpaka leo sijui ulijuaje.

Wengine watakaoisoma barua hii wajue kwamba wewe ni mama wa mama yangu, na kwetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana mume na mke. Uliniita mume wako tangu natambaa, ukiwa na maana ya mtu anayekula na kulala na kuni haleti. Nilipoacha shule kidato cha pili, ukoo ulikaa kikao kizima kuhuzunika. Wewe ukasema afadhali, sasa umepata mume wa kushinda nyumbani. Hukumpata. Nilikwenda Dodoma, nikapanga chumba Mkonze, nikajifunza kazi kwa fundi wa kamera za ulinzi, na ndani ya mwaka mmoja nilikuwa najua kuliko yeye. Haya, karibu kuliko yeye.

Nataka tuikumbuke ile wiki ya waya, mke wangu, kwa sababu kila anayeisimulia hapa kijijini anaisimulia kwa kunionea.

Ilianza ulipojikwaa ndani mwako ukateguka mkono. Tembe lako lilikuwa na giza hata saa sita mchana. Ndama alikuwa anajua njia ya kutoka kuliko wewe. Mjomba, mwanao wa kiume wa pekee, mwenye nyumba ya vigae mjini, akasema imetosha, anakuja kukuchukua. Ukamjibu kwamba uliingia nyumba hii ukiwa bibi harusi, umezalia humu watoto watano, na kwa miguu yako hutoki. Mkabishana kwenye simu yangu, nilipokuja kukupa pole, mpaka chaji ikaisha. Mwishowe mjomba akaweka sharti: iwepo taa ndani, na yeye awe na namna ya kukuona kila siku akiwa mjini. Vikikosekana, Jumamosi ya wiki inayofuata anakuja na gari.

Shida ni kwamba umeme ulikuwa umeukataa. Jirani alijivutia waya mwenyewe hadi kisimani, waya ukachubuka, ukaua mbuzi wako wawili. Tangu siku hiyo ukaapa kuwa waya ulioua mbuzi hauvuki kizingiti chako. Na ile taa ya jua aliyowahi kukuletea mjomba, betri ilikufa kabla ya mavuno, kuku wakaigeuza kiota.

Jumatatu nikashuka kwenye basi na begi langu la vifaa, miwani ya jua usoni. Ukaniuliza kama macho yananiuma.

Nikakueleza kwamba sisi mafundi tuna umeme wa namna nyingine, unaopita ndani ya waya wa mtandao. Waya wenyewe ni mwembamba, na ndani yake kuna nyaya nane zimesokotwa mbilimbili kama nywele. Picha za kamera zinapita humo, na umeme wa kuilisha kamera unapita humohumo, wala havigombani. Unatoka kwenye kisanduku kinachoitwa swichi, na hicho kingekaa dukani kwa Mama Neema, mita sabini kutoka kwako, kwenye umeme wake na intaneti yake. Kinachofika kwako ni nguvu ndogo, ya kutosha kamera moja na taa. Nikaongeza kwamba ile swichi haimwagi umeme ovyo. Kwanza inatuma nguvu kidogo sana kuuliza nani yuko upande wa pili. Kifaa kikijibu inavyotakiwa, ndipo umeme unakuja.

Ukaacha kupepeta uwele.

"Kwa hiyo unabisha hodi?"

"Unabisha hodi, Bibi."

"Na usipoitikiwa?"

"Unabaki nje."

"Basi una adabu kuliko mjomba wako."

Lakini wewe hukuwa mtu wa kuamini maneno. Ukataka waya ujaribiwe kabla haujaingia. Nilipopendekeza tumjaribu beberu, ukasema nianze mimi, maana mume akifa utaolewa tena, ila beberu unaye mmoja. Nikazishika zile ncha zilizo wazi kwa vidole vyangu, swichi imewashwa kule dukani, na watoto wa kijiji kizima wamepanga mstari kuniona nikifa. Kimya. Akaletwa beberu. Akanusa, akalamba, halafu akaanza kuutafuna waya wenyewe mpaka tukamnyang'anya. Ukamtazama hadi uliporidhika kwamba hamu ya kula bado anayo, ndipo ukasema haya, upite.

Jumanne mchana taa ikawaka. Nilisubiri sifa. Wewe ukasimama katikati ya nyumba yako, ukageuka polepole, ukaona utando wa buibui na masizi ya miaka yote hiyo, ukakasirika kana kwamba nimekuja navyo mimi kutoka Mkonze. Ukachukua ufagio kwa mkono wako mmoja, ule mwingine ukiwa umefungwa kitambaa. Nami nikazunguka nje nikijigamba kwa Mama Neema kwamba waya wangu ni shaba tupu, imeandikwa kwenye boksi, na kwamba kazi kama hii mjini inafanywa na watu wenye vyeti.

Jioni ikafika. Kamera ile, kukianza kuwa giza, inawasha macho yake mekundu ya kuonea usiku. Ikayawasha tu, kila kitu kikazimika, taa na kamera vyote. Vikarudi. Vikazimika. Ikawa kama mtu mwenye kwikwi. Nikasema ni kawaida, inajizoesha. Jumatano jioni ikawa vilevile. Mjomba akapiga simu akasema anachokiona ni giza tu, nikupe taarifa ufunge nguo zako.

Nilibadilisha vichwa vya waya, nikailaumu swichi, nikalaumu intaneti ya Mama Neema, nikamlaumu na beberu. Ulikuwa unanitazama tu. Usiku ule hukunitania hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mjomba na gari lake.

Alhamisi asubuhi nikakukuta umekaa juani, kisu mkononi, unakwangua kipande cha waya nilichokuwa nimekitupa. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yako alikuwa fundi wa vikuku, na kwamba ulipokuwa msichana ulikaa naye ukivuta nyaya za shaba na kuzizungusha kwenye mikono ya watu. Ukaniita. Juu ya ule uzi palikuwa pekundu, lakini kisu kilipopita ndani palikuwa peupe.

"Hii si shaba," ukasema. "Hii ni sufuria imevaa nguo ya shaba."

"Bibi, wewe mambo ya mtandao unayajulia wapi?"

"Mtandao siujui. Shaba naijua."

Nikakwangua mwenyewe. Nikakwangua na kingine. Nacho ndani kilikuwa cheupe. Fundi wangu aliwahi kutufundisha, siku ambayo bahati mbaya nilikuwa nasinzia, kwamba kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, na kwamba huo unachosha umeme njiani. Mita chache hutauona ubaya wake. Mita sabini, umeme unafika hoi. Mchana kamera inaomba kidogo, kinachofika kinatosha. Jioni ikifungua macho yake inaomba zaidi, na hakipo. Aliyeniuzia alinidanganya, ni kweli, lakini aliyeapa mbele ya watu kwamba ni shaba tupu nilikuwa mimi.

Nikapanda basi siku ileile. Fundi wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akanipa boksi la shaba ya kweli kwa sharti moja, nisimwambie mtu yeyote ni nani aliyenifundisha kazi. Ijumaa nikarudi, na kabla sijaufungua ule waya ukadai kisu. Ukakwangua, ukakwangua tena, ukasogeza jichoni. Ukatikisa kichwa kukubali, nami nikajiona nimefaulu mtihani wa taifa.

Jumamosi mjomba akafika na gari, godoro jipya nyuma, la kukulazia njiani mkono usiumie. Ukamwambia akae mpaka jua lizame. Akala ugali wa uwele na mlenda. Mimi nilikuwa najifanya nakaza skrubu ambazo zilishakazwa tangu asubuhi. Wewe ulikuwa unamenya karanga, umetulia kama jambo halikuhusu, ila niliona: tangu jua liguse mlima mpaka lilipopotea, karanga vidoleni mwako ilikuwa ni ileile moja.

Kamera ikafanya tik. Macho mekundu yakawaka. Taa ndani ikabaki vilevile, haikutikisika. Tukasubiri. Mama Neema alikuwa amefunga duka akaja kusubiri na sisi. Mjomba akatazama simu yake, akajiona mwenyewe amekaa uani kwa mama yake, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Alipotoka akaenda kwenye gari, akalishusha godoro, akaliingiza kwako. Wewe ukaitupia ile karanga mdomoni, ukaitafuna.

Halafu ukaielekea kamera.

"Sasa huyu atakuwa ananitazama kila siku?"

Nikasema ndiyo, na kifaa hiki kinasikia na kusema pia.

"Basi asinitazame kama mbuzi wa mnadani. Kwanza aniamkie."

Ikawa sheria. Kila asubuhi ukuta wako ulisema "Shikamoo mama", na siku za mwanzo kuku walikuwa wanatawanyika. Ulikuwa unamaliza kwanza ulichokuwa unafanya, unajifunga khanga vizuri, ndipo unaitikia marahaba na kuanza kumuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Akisahau, unatundika khanga juu ya kamera, anabaki anatazama maua mpaka apige simu dukani kuomba msamaha. Mjomba huyohuyo ambaye zamani alikuwa anakuja Krismasi na kuondoka kabla nyama haijaiva. Mimi ulikuwa unaniamuru nikija nisimame mbele ya hiyo kamera, mwanao aone jinsi mumeo alivyokonda kwa uvivu.

Mavuno matatu uliyakusanya humu ndani baada ya hapo. Asubuhi ile mjomba aliamkia, hukujibu. Akaamkia tena. Mara ya tatu akampigia Mama Neema, naye akausukuma mlango akakukuta umelala kwenye godoro, umejifunika hadi mabegani, taa inawaka. Nyumba hii hukutoka kwa miguu yako. Mjomba aliwaambia waombolezaji kwamba miaka ile mitatu amemwamkia mama yake mara nyingi kuliko miaka yote tangu alipoondoka nyumbani.

Sitaki kukuliza, ungenicheka. Nakwambia tu kwamba sasa hivi sina mtu wa kunitukana vizuri. Wenzangu kazini wananitania, lakini hawajui pa kugusa. Nikikamilisha kazi kwenye ghala au shule huko Kongwa, na waya umekubali mara ya kwanza, huwa nageuka kutafuta mtu wa kujigamba kwake, mtu atakayenishusha. Wanasema kazi nzuri, fundi. Haina ladha.

Baada ya arobaini palikuwa na kikao kuhusu nyumba. Wote tunajua tembe lisilo na mtu ndani halimalizi masika mawili. Mama wakubwa na wadogo wana kwao, mjomba ana vigae vyake, na mama akasema basi, tuliache lirudi udongoni. Nikanyoosha mkono. Walicheka, Bibi, hata wale waliokuwa bado wanafuta machozi. Mama akaniuliza kama najua kukandika paa. Nikasema hilo nalo ni kazi gani. Nimerudisha chumba cha Mkonze, nimehamia.

Ni kazi. Nimebeba udongo siku nne, nikaukanyaga, nikaupandisha kwa ndoo, na akina mama wanaopita kwenda kisimani walikuwa wanasimama kunielekeza kwa vicheko. Mara mbili mguu wangu uliingia ndani ya nyumba kupitia juu. Mikono yangu ungeiona sasa usingeijua, imepasuka kama ya mume wa kweli.

Nakuaga hapa, jua limefika kichwani na kuna watu Chemba wananisubiri niwafungie kamera za mnadani. Msalimie babu, na umhurumie. Alishazoea kukaa kwa amani.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi mchana. Nilijifungia ndani, nikakaa chini ya taa nikilitazama paa kipande kwa kipande mpaka shingo ikauma. Limevuja mahali pamoja tu, Bibi, juu ya kitanda.

Nimesogeza kitanda.

Mumeo mdogo,
mwenye nyumba.