Sebule Iliyomkataa Mama

Gasto mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na sifa zako zote nazisoma hadharani.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Kihesa, Iringa, kabla haijawa maarufu? Babu aliijenga kwa mawe, na kila masika tulipanga masufuria sebuleni kukinga matone. Wewe uliyagonga kwa kijiko ukiimba, mama akacheka mpaka akashika ukuta. Nyuma ilikuwepo bustani yake: mipichi, mawaridi, na maboga yaliyotambaa juu ya mawaridi bila kuomba ruhusa. Ukimwambia ayatenganishe, anakujibu, "Maua hayaliwi, mwanangu."

Uliporudi na wasanii wenzako mkasema mtaiponya nyumba kwa sanaa, nilifurahi. Sitasema uongo: paa halivuji tena, nyufa mmeziziba, bustani inapendeza. Maboga tu ndiyo mliyang'oa. Mama mkamleta kwangu Chimala. "Akae kidogo tu, dada, mpaka tumalize."

Mama na joto la Chimala, wapi na wapi! Alikaa barazani, kitenge kizito mapajani kwa mazoea ya Iringa, na kila siku akaniuliza, "Kwangu bado hawajamaliza?" Nikikupigia, unanijibu kwa ujumbe tu kwamba maonyesho yenu humo nyumbani yameongezewa muda.

Kisha akafa. Tukampeleka Kihesa alale sebuleni kwake usiku wa mwisho, kama alivyolazwa babu, kama alivyolazwa baba, watu wamwimbie, kisha atoke kwa mlango wake mwenyewe. Mlinzi wenu akatusimamisha getini na jeneza letu. Nikakupigia. Siku hiyo ulipokea.

"Dada, nielewe. Ile kazi ya sanaa hapo sebuleni haihamishiki. Ukigusa uzi mmoja, yote imeharibika."

"Gasto, ni mama huyu."

"Najua, dada. Kazi yenyewe inamhusu yeye."

Tukamlaza kwa jirani, Mama Neema, aliyetoa makochi yake nje ili tupate nafasi. Wazee wa ukoo walinitazama kwa lawama. Wewe ni fahari yao, uko mbali. Wa kutazamwa nilikuwa mimi. Nina uchungu, mdogo wangu, na sitaupaka sukari.

Baada ya mazishi niliingia sebuleni pamoja na wageni wa maonyesho yako. Nyuzi nyeupe zimening'inia kutoka darini, na katikati yake kitanda cha mama, kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Ukutani mmeandika: "Mama Anarudi." Mwanamke mmoja alisimama mbele ya kitanda akijifuta machozi. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama niliwahi kumfahamu huyo mama.

Baki salama huko uliko.

Dada yako, wa tumbo moja