Picha ya Baba Yangu Ukurasa wa Nne

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na shida kubwa na naomba unisome mpaka mwisho, hata kama mwandiko wangu umepinda, kwa sababu naandika darasani wenzangu wakiwa mapumzikoni na kila mlango ukilia nafunika karatasi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne. Baba yangu ni fundi wa friji, mama yangu ni mshonaji wa sare za shule, na sisi ni Waislamu wa kawaida tu, wa kuswali, kufanya kazi na kugombana nani amemaliza sukari.

Miaka mitatu iliyopita upepo uling'oa paa la msikiti wetu, na majirani wa dini zote wakachanga mabati, na siku ya kupigilia bati la mwisho akaja mpigapicha wa gazeti. Baba na wenzake walikuwa wamesimama uani wakiomba dua ya shukrani, mikono juu, jua likiwachoma machoni, na seremala jirani yetu, ambaye ni Mkristo, alikuwa kando yao ameshika ngazi. Mpigapicha alikuwa akitafuta pa kusimama, nami kwa kiherehere changu nikamvuta shati nikamwambia, "Mpige yule mwenye ndevu, ndiye baba yangu." Akacheka, akapiga. Habari iliyotoka ilikuwa nzuri, na mama aliikata akaiweka kwenye sanduku la vyeti.

Sasa mwezi uliopita, katika nchi ya mbali, watu waliojiita wapiganaji wa dini yetu waliingia sokoni wakawaua wenzao, nami nilipoisikia habari ile redioni nililia kwa ajili ya waliokufa. Kesho yake nikatumwa dukani, nikamkuta mwenye duka amelikunjua gazeti mezani, kichwa cha habari kinasema WAKO MIONGONI MWETU?, na chini ya maneno hayo yuko baba yangu. Seremala wamemkata, umebaki mkono wake tu kwenye ngazi. Baba amekunja uso kwa sababu ya jua, lakini pale anaonekana kama mtu mwenye hasira na dunia nzima. Pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pameandikwa: Picha ya maktaba. Mwenye duka alinitazama mimi, akaitazama picha, akanipa sukari bila kuniuliza habari za nyumbani, na siku zote huniuliza.

Baba hajui. Yeye hutoka asubuhi na mapema na hasomi magazeti, na waliomwona gazetini hakuna aliyemwambia, wanamkwepa tu. Mama wa duka la dawa, ambaye baba amemtengenezea friji tangu sijazaliwa, alimpigia simu akasema, "Usijisumbue fundi, tumepata mtu mwingine." Mteja mwingine alizungumza naye kupitia upenyo wa mlango akamwambia mtungi wa gesi auache barabarani, na baba akamwuliza, "Sasa friji nitaijaza kwa kupuliza?" Alitusimulia akicheka, lakini hakumaliza chakula.

Na shuleni, mshauri, hapo ndipo ninapoona aibu. Tulikuwa tunagombania dirisha, na msichana tunayekaa naye dawati moja akasema, "Mwacheni huyo, msimkasirishe, baba yake atatulipua." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote ili wasiendelee, na tangu siku hiyo nikimtazama baba usoni naona kama nimemuuza.

Nikafanya kosa la pili. Niliichukua kofia yake ya baraghashia nikaificha ndani ya debe la vitambaa vya mama, nikidhani akienda kazini kichwa wazi watu wataiona sura yake tu. Aliitafuta nyumba nzima akisema, "Kofia haina miguu jamani," mwisho akafunga kichwani kitambaa cha kufutia mikono kama kilemba, akatoka hivyo, na akaonekana wa kutisha zaidi.

Nilimwambia mama. Mama alisimamisha cherehani, akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Baba yako ukimwambia leo, leo hii atapanda gari mpaka huko ofisi za gazeti." Na mshauri, baba yangu ana sauti kubwa, si kwa ukali, ni masikio yake yameharibiwa na kelele za kompresa, hata akisema nakupenda mtaa mzima unasikia. Mama anasema wakimwona anapaza sauti pale, na ndevu zile, na begi la nyaya, wataita polisi kabla hajataja jina lake. Mimi pia naogopa hivyo. Akichelewa kidogo kurudi natoka kumtazamia barabarani.

Lakini juzi alasiri nilimkuta nyuma ya nyumba amefungua friji kuukuu, amechomelea bomba upya, amelipaka povu la sabuni, ameinama analitazama kama mtihani. Akaniita.

"Mwanangu, wewe una macho mazuri. Hebu tazama, hapa panatoka mapovu?"

Nikatazama sana. Nikasema, "Hapana, baba. Hapavuji."

"Basi kwa nini wananikimbia? Labda mkono umezeeka, na watu wanaona haya kuniambia."

Mshauri, nilikuwa najua jibu, na sikusema. Je, nimwambie baba, au nimfuate mama? Na je, nikimwomba anyoe ndevu nitakuwa nimemkosea? Nakuandikia wewe na si mwingine kwa sababu gazeti lenyewe ni hili lenu. Mwalimu wetu hutuambia kosa la daftari husahihishwa katika daftari lilelile. Tafadhali usiutaje mtaa wetu.

Ni mimi, Binti Fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Binti Fundi. Mtaa sijautaja, na barua yako sikuipunguza hata neno.

Kabla sijakugombeza wewe, nimeanza na nyumbani kwangu. Nilishuka chumba cha picha nikiwa na ukurasa huo mkononi. Kijana wa zamu akaniambia, "Dada, ukurasa ulikuwa unafungwa uende kuchapwa. Nilitafuta 'waumini, msikiti' kwenye maktaba ya picha, ikaja hiyo. Si mwanga wake ni mzuri?" Nikamwambia huyu ni fundi wa friji na ana binti. Akaniuliza kama friji za ofisini anatengeneza. Na mimi sijitoi. Safu hii ilikuwa ndani ya gazeti hilohilo. Niliuona ukurasa wa nne asubuhi ile, nikaugeuza, nikanywa chai yangu. Nisamehe.

Sasa ni zamu yako. Ulicheka. Ulicheka kwa woga, na woga nauelewa, lakini mzaha ule utarudi kila siku maadamu wewe ndiye unayeufungulia mlango. Ukirudi tena, usicheke na usipigane. Mtazame mwenzako wa dawati, umwambie, "Huyo ni baba yangu, na hajafanya kitu." Kisha endelea na hesabu zako. Sauti itatetemeka; iache itetemeke.

Kofia irudishe leo, na useme uliificha wewe. Na ndevu, mwanangu? Ndevu hazikupiga picha wala hazikuandika kichwa cha habari. Akinyoa leo, kesho watakuja kuuliza habari za jina lake, keshokutwa habari za mtandio wako. Usiwe wewe wa kumwambia baba yako kwamba uso wake ndio wenye kosa. Wala kumwonyesha mpigapicha baba unayemwonea fahari si kosa, hilo nakuondolea kabisa.

Mama yako si mwoga wa bure. Polisi anaowaogopa wapo, na mimi sitamwambia mtu yeyote kwamba ni ndoto. Lakini mama, ukisoma hapa, nisikilize dada yangu: kombe ulilolifunika, aliye ndani yake ni mumeo. Anakaa nyuma ya nyumba akiutafuta ubovu ambao mikono yake haina. Ukimya huu mnamlinda nao asiumie, na ndio unaomla.

Kwa hiyo mwambie. Mwambie leo, maana gazeti hili limetoka leo, na hadi jioni kuna atakayempelekea, na huenda akawa mtu anayefurahia kupeleka. Umtangulie. Mketi wote watatu, mama awe kando yake. Usianze na picha. Anza kwa kumwambia kwamba kazi yake haina kasoro, kisha ndipo umpe ukurasa. Akipaza sauti, mwacheni apaze. Hapo ni kwake. Akitaka kutoka muda huohuo, mama amshike mkono, amwambie asubiri Jumanne.

Jumanne, saa nne asubuhi, mje hapa. Mje na ile habari ya kwanza iliyo kwenye sanduku la vyeti, na mje na seremala, mzima, si mkono tu. Mkaombe masahihisho ukurasa wa nne uleule, kwa ukubwa uleule, pamoja na picha nzima na maelezo ya siku ile. Wakiwapa kona ndogo chini ya matangazo, mkatae kwa adabu. Baba aliandike ombi lake na abaki na nakala, ili hata kama sauti yake itawashtua, karatasi izungumze taratibu.

Mhariri nimeshamwona. Amesema, "Tutaona." Nimefanya kazi katika jengo hili miaka mingi na sitakudanganya kwamba neno hilo lina maana ya ndiyo. Lakini hakusema hapana, na barua yako imechapishwa.

Baba yako avae anavyovaa siku zote, na begi lake la kazi aje nalo. Ila mkifika msiingie peke yenu. Nipigieni simu mkiwa nje, nitashuka mwenyewe kumpokea getini, maana mlinzi wetu naye hulisoma gazeti hili.